Huyu Simba Mkubwa Katoka Wapi?

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi. Naishi Tabata, nina mke na watoto wawili, nashabikia Coastal Union kwa sababu nimezaliwa Tanga, na napenda filamu za katuni ambazo watu wake wanaimba. Wapangie wenzangu wa kijiweni mambo hayo yote, watanisamehe kila kitu, hata Coastal, ila hilo la mwisho haliwashuki.

Hawana ubaya, ni utani tu. Frozen ilipotoka mwaka 2013 na dunia nzima ikawa inaimba ule wimbo wa malkia na jumba lake la barafu, kijiwe kilikaa kikaamua kwamba kazi imenipanda kichwani: fundi friji kakutana na friji kubwa kuliko zote. Nikaitwa Elsa mpaka mvua za masika zikaisha. Watu wasioangalia mambo hayo walilijuaje jina la Elsa, hilo hakuna aliyewahi kunijibu.

Sinema naenda peke yangu. Dada wa tiketi huchungulia nyuma yangu. "Watoto wangapi, kaka?" Namwambia ni mimi tu. Huniangalia tena, kisha hunipa tiketi kwa upole uliozidi kiasi. Ningekuwa na kisingizio cha watoto ingekuwa nafuu, lakini wangu hawataki. Wa kiume anataka mpira na magari yanayogeuka maroboti. Wa kike alishaniambia tangu yuko darasa la tatu: "Baba, hawa si waseme tu, yaishe?"

Kwa muda mrefu nilidhani tatizo ni katuni, kwamba mtu mzima haangalii picha za kuchora. Lakini kinyozi wetu ana televisheni ukutani, na mchana huweka Tom na Jerry. Wanaume wazima, wana ndevu, wana mikopo ya benki, hucheka mpaka wembe inabidi usubiri. Hakuna anayewaita majina. Kwa hiyo katuni si kosa. Basi nikadhani tatizo ni kuimba, mtu kuacha mazungumzo katikati na kupandisha sauti huku vyombo vimetokea hewani. Na hapo pia hesabu haikukaa, kwa sababu ya mama yangu.

Mama alikulia Tanga, siku ambazo ukumbi wa Majestic ulikuwa unajaa. Filamu za Kihindi zilikuwa ndiyo siku yenyewe: nguo imepigwa pasi tangu asubuhi, kina mama wamekwenda kwa makundi, leso ya kufutia machozi iko tayari kwenye pochi. Hajui Kihindi zaidi ya salamu, lakini anakuimbia nyimbo za Lata Mangeshkar beti kwa beti. Lata alipofariki Februari 2022, mama alinipigia simu mapema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Wala si yeye peke yake. Pwani yote hii ilizichukua nyimbo zile, vikundi vya taarabu vikaazima lahani zake na kutia maneno ya Kiswahili, mpaka leo kuna nyimbo za harusini ambazo nusu ya wanaocheza hawana habari kwamba sauti ile ilivuka bahari. Huyu ni mtu ambaye hakuna utakachomfundisha kuhusu filamu za kuimba. Ila nikiweka zangu anaguna.

Siku moja niliamua kumweleza kwa ufundi, kwa sababu mimi kitu nikikielewa kinavyofanya kazi napenda kukifungua mbele ya mtu. Nikamwambia: mama, katika filamu hizi wimbo hurekodiwa kwanza. Mwimbaji anaingia studio, anaimba yote, halafu mchoraji anakaa na ile sauti anaisikiliza kipande kwa kipande, anachora mdomo na mabega yafuate pumzi. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24, na mahali mwimbaji alipovuta pumzi, kifua cha mtu wa kuchora nacho lazima kivute. Ndivyo walivyofanya Bombay. Lata anaimba kwanza, mwigizaji kama Nargis anakuja baadaye kuchezesha midomo. Hata mtu mmoja kuwa na sauti mbili, wanafanya. Simba mdogo wa The Lion King anaongea kwa sauti ya Jonathan Taylor Thomas, akianza kuimba ni kijana mwingine kabisa, Jason Weaver. Akikua anaongea Matthew Broderick, anaimba Joseph Williams.

Mama alilipima hilo. "Kwa hiyo huyo wa kuimba ndiye Lata wao."

"Ndiye."

"Lakini Nargis alikuwa mtu, mwanangu. Alikuwa analia machozi."

Nilikwama hapo, na kwa kweli alikuwa amenionesha jambo ambalo kijiwe hakikuweza kulisema kwa miaka yote ya kuniita Elsa. Katuni wanairuhusu iwachekeshe. Wimbo wanauruhusu uwalize. Kinachowashinda ni picha ya kuchora inayotaka uilie. Wanajiona wametapeliwa, kwamba kuna mtu kachukua penseli na karatasi akataka kupapasa mahali pa Nargis. Mimi nami ndicho hasa ninachokipendea. Kwamba yule hayupo, hajawahi kuwepo, hana hata mwili wa kuvutia pumzi, na bado akifika kwenye neno fulani la wimbo koo linanikaba.

Ilianzaje? Televisheni za Tanzania bara zilianza mwaka 1994, na kwetu ilichelewa kuingia, lakini deki tulikuwa nayo. Shangazi alikuwa Maskati. Kila akija likizo alikuja na kanda, na katika hizo akaleta The Lion King. Kwa kuwa ilitoka Ghuba, ilikuwa imetiwa sauti za Kiarabu cha Misri. Simba, ngiri, fisi, wote Wamisri. Mama aliiruhusu papo hapo, hata wakati wa mitihani, kwa sababu aliamini nasoma Kiarabu. Nilikuwa naokota neno moja moja nililolijua madrasa, mengine yote yananipita. Na bado nilijua kila kitu kilichotokea. Nilijua nani anataka ufalme, nani anamdanganya nani, lini mtoto kasahau kwao na lini kakumbuka. Vyote hivyo nilivipata kwenye nyimbo, maana maongezi yalikuwa yananipita juu kwa juu.

Ndiyo maana mke wangu ananitesa.

Yeye ni mtu wa tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, na kwa kunifurahisha huwa anakaa nami Jumapili moja moja. Anakaa vizuri kabisa mpaka waanze kuimba. Wakianza tu, anainuka: atageuza samaki, ataangalia nguo kama zimekauka, atamjibu dada yake simu. Kwake wimbo ni tangazo la biashara. Wakinyamaza anarudi. Sasa katika filamu ile kuna mahali Simba mtoto anakutana na wale rafiki zake wawili wa porini, wanaimba ule wimbo wa kutojali kitu, na katikati ya wimbo wanatembea juu ya gogo. Anaingia kwenye gogo mtoto, anatokea upande wa pili ana manyoya shingoni. Miaka imekwisha hapo, kwa hatua chache. Mke wangu akarudi na mwiko mkononi, akasimama mlangoni.

"Baba watoto, huyu simba mkubwa katoka wapi?"

"Ndiye yuleyule."

"Kakua saa ngapi?"

"Kwenye wimbo."

Akaniangalia kama nimemficha jambo. Frozen ikawa mbaya zaidi. Kuna wimbo wa mwanzo ambapo dada mdogo anagonga mlango wa dada yake akimwomba watoke wakacheze na theluji. Wimbo unaanza watoto wadogo. Ubeti unaofuata wamekua kidogo. Kisha wazazi wanapanda meli, meli inazama. Ubeti wa mwisho mabinti wawili yatima wamekaa pande mbili za mlango mmoja, mmoja amevaa nguo za msiba. Ukiondoka kwenda kugeuza samaki umekosa miaka kama kumi na misiba miwili. Aliporudi aliuliza wazazi wako wapi, nikamwambia wamekufa, akasema filamu gani hii watu wanakufa bila kuonekana. Wameonekana, mke wangu. Ulikuwa jikoni.

Na hapa niseme ukweli kuhusu filamu za Kihindi za mama, nikijua ataletewa maneno haya: nyingi unaweza kwenda kuchota maji kisimani wimbo ukianza, ukarudi, bado wanazunguka mti uleule. Zile nzuri sivyo, lakini nyingi. Katuni haina uwezo wa kufanya hivyo. Kila dakika inachorwa, na kuchora ni gharama na ni miaka ya watu, kwa hiyo wimbo usiposogeza hadithi unakatwa.

Wakalimani wetu wa muvi nao wamechangia. Nawaheshimu, tumekua nao vibanda umiza, marehemu Lufufu alikuwa na kipaji ambacho sijakiona tena, kwa Wachina anakwambia steringi anawaza nini kabla steringi mwenyewe hajawaza. Lakini kazi yao ni kuongea, na wimbo hauna nafasi ya mtu wa tatu kuongea. Niliwahi kupata katuni moja ya kuimba iliyotafsiriwa, kwenye flashi, mia tano. Kila wimbo ukifika mkalimani anasema, "hapo wanaimba imba, wanafurahi," na anausogeza mbele. Wimbo mmoja katika hizo alizosema wanafurahi ulikuwa wa mazishi.

Mtu ambaye ningependa kijiwe kimjue ni Howard Ashman. Alizaliwa Baltimore mwaka 1950, akawa mtunzi na mwongozaji wa michezo ya jukwaani New York, na mwaka 1982 yeye na mpiga piano Alan Menken walitoa mchezo wa kuimba kuhusu mmea unaokula watu, ukumbi mdogo tu, ukawa gumzo. Miaka michache baadaye Disney wakamwita. Wakati huo idara ya katuni pale ilikuwa imeshuka hadhi: mwaka 1985 filamu yao kubwa ilianguka sokoni, na wachoraji walikuwa wameondolewa kwenye jengo lao la tangu enzi za mzee Walt Disney mwenyewe wakapelekwa kwenye maghala huko Glendale. Ashman akawakuta humo wanachorea kwenye maghala, akawapa darasa. Akawaeleza kwamba katika mchezo wa kuimba, mapema kabisa, msichana anakaa mahali, juu ya chochote kile, anaimba anachokitaka maishani. Mtazamaji akishajua mtu anataka nini, hawezi tena kumwacha njiani, atamfuata mpaka mwisho.

Wimbo wa kwanza wa namna hiyo aliowapa ni wa nguva wa The Little Mermaid, filamu ya mwaka 1989. Nimeuangalia mara nyingi kuliko ninavyoweza kumwambia mtu. Binti yuko pangoni chini ya bahari, amezungukwa na vitu vya wanadamu alivyookota kwenye meli zilizozama, na hajui vinatumika vipi. Anaimba kuhusu kutembea, na akifika mahali pa kusema miguu, neno linampotea. Anasita, analitafuta, analipata. Ni nukta tu, unaweza usiione. Lakini yule hana miguu, neno lile hajawahi kulihitaji, na mtunzi akaona aliache limpotee palepale lilipotakiwa. Jodi Benson aliyeimba aliomba taa za studio zizimwe ili ajione yuko chini ya maji, na Ashman alikuwa humo ndani naye, anamwambia punguza, punguza, usiimbie ukumbi.

Karibu tuukose. Filamu ilioneshwa kwa watoto kwa majaribio, na sehemu ile ilikuwa bado rasimu za penseli zisizo na rangi. Watoto wakaanza kuchachawa kwenye viti. Jeffrey Katzenberg, bosi wa studio, akasema wimbo ukatwe. Ashman akawaka. Waongozaji Ron Clements na John Musker wakaukingia kifua, na mchoraji Glen Keane, ambaye ndiye aliyekuwa anamchora yule binti, akang'ang'ana waachiwe wamalize kuuchora wajaribu tena. Wakaachiwa. Safari ya pili watoto wakatulia tuli.

Wakati huo wote Ashman alikuwa mgonjwa. Aligunduliwa ana virusi vya UKIMWI mwaka 1988 akanyamaza. Machi 1990 yeye na Menken wakapanda jukwaani kuchukua Oscar za filamu ile, na siku chache baadaye ndipo akamwambia mwenzake. Kisha ikaja Beauty and the Beast, na kwa kuwa hakuweza tena kusafiri kwenda California, Disney wakawahamisha watu wao, wakapanga hoteli Fishkill, jimbo la New York, karibu na nyumbani kwake, wakawa wanatunga humo. Alifariki tarehe 14 Machi 1991, ana miaka 40. Filamu ikatoka Novemba. Ikawa katuni ya kwanza kuteuliwa kugombea Oscar ya filamu bora, na wimbo wake ukampa Oscar nyingine, akaenda kuipokea mwenzi wake. Mwishoni mwa filamu kuna maneno ya kumtolea heshima, ya rafiki aliyempa nguva sauti na mnyama roho.

Huwa nasitisha filamu hapo. Miaka hiyohiyo mitaani kwetu Tanga watu wa umri wake walikuwa wanakwenda, na matangani tunaambiwa marehemu alikuwa anaumwa kifua. Watoto tukajua kifua ni ugonjwa unaoua wajomba.

Hii ndiyo hadithi pekee ya mambo yangu niliyowahi kuisimulia kijiweni ikasikilizwa mpaka mwisho bila mtu kupaza sauti. Nilipomaliza pakawa kimya, kahawa ikazunguka. Kisha mmoja akauliza, taratibu: "Na hiyo yote kwa ajili ya samaki?"

Wana hoja nzito zaidi ya hiyo wakitaka. Rafiki yangu mmoja, dereva wa bajaji anayesoma kuliko sisi wote, ananishika kwenye The Lion King. Anasema: wewe unalia na watu waliosajili maneno ya Kiswahili ya kila siku yawe nembo yao ya kuuzia fulana. Ni kweli, Disney waliomba usajili wa "Hakuna Matata" mwaka 1994 wakaupata 2003, na mwaka 2018 maelfu ya watu mtandaoni walitia saini kuupinga. Halafu analeta la pili, ambalo ndilo linaloniuma. Mwaka 1939 Mzulu mmoja, Solomon Linda, alirekodi "Mbube" na kundi lake katika studio ya Gallo mjini Johannesburg, akauza haki kwa shilingi kumi. Wimbo ukazunguka dunia kwa maneno ya Kiingereza, wengine wakatajirika, yeye akafa fukara mwaka 1962. Ukatumika tena katika filamu ile ya simba. Mabinti zake wakafungua kesi mwaka 2004, na mwaka 2006 wakafikia makubaliano ya kulipwa.

Huwa simbishii. Namwambia tu kwamba filamu ileile inaanza na sauti ya Lebo M, mwana wa Soweto aliyeishi uhamishoni Marekani wakati wa ubaguzi, akiita kwa Kizulu jua linapochomoza, na mwito ule mimi mtoto wa Tanga niliuamini hata kwenye kanda ya Kiarabu. Ananijibu kwamba hilo halimlipi Linda. Halimlipi kweli. Tunaagiza kahawa nyingine, na wiki ijayo tunaanza upya.

Mahali ambapo sikubali kabisa ni kwenye ile The Lion King iliyorudiwa mwaka 2019, ambayo ndiyo kijiwe kiliisifia, ati simba wanaonekana wa kweli. Nikitaka simba wa kweli Mikumi si mbali. Simba wa kweli uso wake haukunjuki anapoimba, macho hayasemi kitu, na wimbo wa mapenzi ya usiku wakaupiga mchana kweupe. Hapo ndipo utaona penseli ilikuwa inafanya kazi gani.

Nimewahi kuwa na wenzangu kwa muda mfupi. Mapema mwaka 2022 ule wimbo wa Encanto wa mjomba asiyetajwa ulikuwa namba moja Marekani kwa wiki tano, na hata hapa ukawa kwenye status za watu ambao ningeapa hawana habari. Saidia fundi wangu, kijana wa singeli mtupu, nilimkuta anaupiga mluzi huku anajaza gesi kwenye kiyoyozi. Nikamuuliza anaujua wa nini. Akasema ni wa TikTok. Nikamwambia kuna filamu nzima nyuma yake, watu kadhaa wa ile familia kila mmoja anaimba kipande chake kwa mdundo wake, na mwisho wanaviimba vyote kwa pamoja na havigongani. Akasema sawa bosi. Wiki iliyofuata alikuwa na mluzi mwingine. Sikumfuatilia, nimeshaacha kutafuta waumini, na toka niache naangalia kwa raha zaidi, hedifoni masikioni, mke wangu na Waturuki wake upande wa pili wa kochi.

Ila mama. Nilipokwenda Tanga mara ya mwisho nilikuwa nimeweka kwenye simu nyimbo za The Prince of Egypt ya mwaka 1998. Filamu yenyewe mama haitazami na sitamwomba: inamchora Nabii Musa, na kwetu mitume hawachorwi. Malaysia na Maldives waliipiga marufuku kwa sababu hiyohiyo. Lakini nilikuwa barazani nasikiliza, ikafika sehemu ya mama yake Musa anayemweka mtoto kwenye kikapu ampeleke mtoni. Anaanza na mistari miwili ya Kiebrania, polepole, karibu na sikio la mtoto. Mama alikuwa anachambua mchele. Akanyoosha shingo.

"Nani huyo?"

Nikamwambia ni Ofra Haza, Myahudi wa Israeli ambaye wazazi wake walitoka Yemen, aliurekodi wimbo ule kwa lugha zaidi ya kumi, akafariki mwaka 2000. Nikamwambia anayeimba hapo ni mama yake Musa, pale alipoambiwa amtie mtoni na asiogope.

"Qasas," akasema mama, akaitaja aya. Kisha: "Nilijua. Hiyo sauti ni ya Yemen. Bibi Mshihiri wa jirani alikuwa akibembeleza wajukuu hivyohivyo." Akataka arudiwe. Nikamrudia. Akaniuliza kama kuna picha, nikasema ipo. "Iache hukohuko." Akasikiliza mara ya tatu, akanipa simu yake nimwekee ile mistari miwili ya mwanzo iwe mlio, maana ule wa kampuni umemchosha.

Sasa mama yangu akipigiwa simu shughulini, katikati ya kina mama wa Chumbageni na Ngamiani, inasikika ile sauti. Dada yangu ananiambia wote hugeuka, na lazima mmoja aulize hiyo kaswida ni ya wapi. Mama huwajibu, "Ya Yemen," anapokea simu.